Mtenda Jema, Je, Astahili Sifa na Ujira?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Amma baad. Masala haya hutajwa sana mabarazani: mtu atendaye lililompasa, je, astahili kusifiwa na kulipwa? Wako wasemao hastahili, kwani ametimiza wajibu wake tu. Na wako wasemao kuwa asiyelipwa leo hatatenda kesho.

Natutazame jambo lililotukia. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Viktoria, karibu na kiwanja cha Bukoba, nayo ina watu 43. Waliowafikia mwanzo ni wavuvi kwa mitumbwi yao. Watu 24 waliokoka na 19 walikufa; Mungu awape jamaa zao subira. Kijana mmoja mvuvi, Majaliwa Jackson, akapewa shilingi milioni moja, na Rais akaamuru aajiriwe katika jeshi la zimamoto na uokoaji. Haukupita muda watu wakabishana ni nani hasa aliyeufungua mlango wa ndege. Amma wavuvi wengi wa siku ile, majina yao hayakutajwa.

Sasa tuseme mvuvi wa Rukuba, kisiwa kilichomo katika ziwa lilo hilo upande wa Musoma, yuko usiku akivua dagaa, akasikia ukelele wa mtu azamaye. Akiziacha nyavu atapata hasara ya usiku mzima. Hapana wa kumwona, hapana mpiga picha. Ikiwa sifa ndiyo imwendeshayo, hana sababu ya kwenda; na mtu yule atakufa.

Kwa hiyo sheria yetu imetanguliza nia. Katika hadithi aliyoipokea Muslim, watatu wa mwanzo kuhukumiwa Siku ya Kiyama ni aliyeuawa vitani, na mwanachuoni, na mtoaji mali. Wote huambiwa kuwa walitenda ili wasemwe, na wamekwisha kusemwa.

Lakini msidhani, ndugu zangu, kuwa kila sifa ni mbaya. Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya mtu atendaye kheri watu wakamsifu, naye akaihesabu sifa hiyo kuwa ni bishara ya Muumini iliyotangulizwa. Na Sayyidna Umar alipotaka kipawa chake apewe aliye mhitaji zaidi, Mtume alimfundisha kuwa mali imjiayo mtu bila ya kuiomba wala kuitamani, aipokee. Basi aliyepewa milioni hana la kulaumiwa. Na aliyeokolewa kushukuru ni juu yake. Wako wamwambiao mwenzao, "Utalipwa Akhera," hali mkono wao umefumbwa. Huo ni ubakhili uliovaa kilemba.

Amma mbele ya Mungu, neno "kustahili" ni zito. Mtume alieleza kuwa hapana aingizwaye Peponi na amali yake, hata yeye mwenyewe, ila kwa rehema ya Mola. Mkono upigao kasia ni Wake, na pumzi ni Yake. Thawabu ni ahadi ya ukarimu Wake, wala si deni tunalomdai. Na ahadi hiyo yamfikia yule wa Rukuba arudiye alfajiri bila dagaa, na mtumbwini mwake mna mtu mmoja aliyelowa, ambaye hata jina hajamwuliza.

Wallahu aalam.