Matokeo ya Taratibu-Hifadhi: Neno Moja, Dhana Tatu

Katika ufundishaji wa kompyuta kwa Kiswahili, neno matokeo hubebeshwa mzigo unaozidi uwezo wake. Mkanganyiko huo hujitokeza zaidi pale programu inapouita utaratibu-hifadhi, yaani mfululizo wa amri uliopewa jina na kutunzwa ndani ya hifadhidata yenyewe, kisha ikangoja majibu.

Chukuliwe mfano wa kamusi iliyotiwa katika SQL Server ya Microsoft. Utaratibu hupokea ngeli na kurejesha vitu vitatu: jedwali la vidahizo vya ngeli hiyo, idadi yake, inayowekwa katika parameta ya kutolea, na namba ya amri RETURN, ambayo kwa desturi ni 0 kazi inapokwisha salama. Vyote ni matokeo, lakini kila kimoja huchukuliwa kwa njia yake. Jedwali husomwa mstari baada ya mstari. Parameta na namba hutangazwa kabla ya wito, kila moja ikionyeshwa mwelekeo wake. RETURN hubeba namba kamili tu. Mwanafunzi anayejaribu kurejesha kidahizo 'mti' kwa njia hiyo huambulia ujumbe wa kosa.

Lililo gumu zaidi ni utangulizano. Seva hutanguliza mistari ya jedwali, ilhali parameta na namba huja mkiani mwa mkondo uleule. Programu itumiayo SqlDataReader ikiuliza idadi kabla ya kukifunga kisomaji hukuta patupu, hata kama utaratibu umeandikwa bila dosari. Kosa hili huudhi kwa kuwa mara nyingi halitoi onyo lolote.

Aidha, kila INSERT au UPDATE iliyomo hutoa taarifa ya idadi ya mistari iliyoguswa. Maktaba kongwe ya ADO huihesabu taarifa hiyo kuwa tokeo lisilo na mistari, na jedwali lililotafutwa hubaki nyuma yake bila kusomwa. Amri SET NOCOUNT ON mwanzoni mwa utaratibu huzinyamazisha taarifa hizo.

Katika Oracle, hadi toleo la 12c la mwaka 2013, jedwali lilipitishwa kwa kielekezi kilichowekwa katika parameta. Hivyo mpaka baina ya dhana ya kwanza na ya pili haufanani kila mahali.

Istilahi zinazoweza kupendekezwa ni jedwali-tokeo, thamani-toleo na msimbo-hali. Ya pili ina udhaifu, kwani toleo limekwisha kuzoeleka katika uchapishaji na katika kutaja umri wa programu, kama ilivyo katika aya iliyotangulia. Huenda thamani-tokezi ikafaa zaidi.