SOMO: RUZUKU YA PEMBEJEO NA ORODHA YA MAJINA

Ndugu wanakamati na wafadhili, wengi wetu hapa Manyoni tukisikia neno ruzuku tunafikiri ni kitu cha bure. Sivyo. Katika mpango wa taifa wa vocha za pembejeo ulioanza mwaka 2008, vocha ililipa takribani nusu ya bei, na mkulima alimalizia nusu iliyobaki kwa fedha taslimu dukani kwa wakala. Walengwa walikuwa wakulima wadogo wenye shamba la mahindi au mpunga lisilozidi hekta 1, na kaya zinazoongozwa na wanawake zilipewa kipaumbele.

Majina yalitoka kijijini, kupitia kamati ya vocha. Utaratibu huo ni mzuri kwenye karatasi, maana nani anamjua mjane wa kitongoji kuliko jirani yake? Lakini watafiti Lei Pan na Luc Christiaensen walipofuatilia vocha za mwaka 2009 mkoani Kilimanjaro, walikuta kama asilimia 60 zimekwenda kwa viongozi wa kijiji waliochaguliwa. Hali ilikuwa mbaya zaidi katika vijiji vya mbali, na pale ambapo pengo kati ya mwenye nacho na asiye nacho ni kubwa. Tusiwacheke ndugu zetu wa Kilimanjaro. Vijiji vyetu navyo viko mbali.

Inafaa kusema pia kwamba si kila aliyeachwa alinyimwa. Mwingine alipewa vocha akakosa nusu yake ya fedha. Mvua za kwanza zinapokaribia, ghala limepungua na mtama uliobaki ni wa kula. Mama akiuza mbuzi ili alipie mbolea, kisha mvua ikakatika Januari, amepoteza vyote viwili. Katika wilaya kame kama yetu hofu hiyo si uvivu. Mkulima wa mpunga kule Kintinku na mkulima wa uwele kwenye mchanga mkavu hawahitaji pembejeo ileile.

Vocha za karatasi zimepita. Kuanzia msimu wa 2022/23 mkulima anaandikishwa kijijini, anapata namba, na punguzo linafanyika anaponunua kwa wakala. Msimu huo mfuko wa kilo 50 wa DAP, ambao bei yake ya soko ilikuwa wastani wa zaidi ya shilingi 130,000, uliuzwa kwa shilingi 70,000. Ni nafuu kubwa. Hata hivyo 70,000 hizo zilipaswa kuwepo mkononi, na asiyeandikishwa hana namba.

Kwa hiyo mfadhili anayetuuliza amnunulie nani mbolea, tunamwomba afikirie kwanza vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo wanachama huanza kuweka akiba mara baada ya mavuno, fedha ikiwa bado ipo nyumbani.

Kwa majadiliano ya kamati kabla ya kikao kijacho: katika kigango chenu, ni wajane na wazee wangapi wameandikishwa? Orodha ilisomwa lini mara ya mwisho mbele ya mkutano mkuu wa kijiji? Nauli ya kwenda kwa wakala na kurudi na mfuko mmoja ni shilingi ngapi? Njooni na majibu yaliyoandikwa, pamoja na jina la kitongoji.