Chupa ya Spiriti: Ipake Wapi, Isiguse Wapi

Muuguzi akikupangusa mkono kwa pamba yenye spiriti kabla ya sindano, mwache asubiri ngozi ikauke. Ethanoli iliyomo huua vijidudu kwa kuharibu protini zao na kuyeyusha utando wao wa mafuta, na kazi hiyo hufanyika wakati ngozi bado imelowa.

Wengi hudhani spiriti kali kupita zote ndiyo bora. Sivyo. Ya asilimia 70 huua vizuri kuliko isiyo na maji kabisa, kwa sababu maji huisaidia kupenya ndani ya kijidudu na kuichelewesha kukauka. Kitakasa mikono kinachotengenezwa kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani kina ethanoli asilimia 80. Sugua viganja, migongo ya mikono na katikati ya vidole mpaka pakauke, ndipo usogelee jiko, kwani spiriti hushika moto. Mikono yenye tope au mafuta inahitaji maji na sabuni. Vilevile spiriti haiui mbegu za pepopunda, kwa hiyo aliyechomwa na msumari aende zahanati kuulizia chanjo.

Kidonda kibichi usikimiminie. Spiriti huunguza nyama changa inayoanza kupona. Maji safi yanayotiririka na sabuni yanatosha. Kitovu cha mtoto mchanga nacho kiachwe kikavu na safi, au kipakwe dawa uliyopewa kliniki.

Ninaloliogopa zaidi ni kumkanda kwa spiriti mtoto mwenye homa. Ethanoli hupita kwenye ngozi yake na huingia kwa pumzi. Sukari mwilini inaweza kushuka, mtoto akapoteza fahamu. Mpe dawa ya homa kwa kipimo cha uzito wake, kisha mpeleke akapimwe malaria.

Spiriti hainywewi hata ikichujwa au kuongezwa maji, kwani nyingi ya zile za dukani hutiwa methanoli. Pombe iliyochakachuliwa ina hatari hiyohiyo: nchini Kenya mwaka 2014 iliua makumi ya watu na wengine wakapofuka. Ini huigeuza methanoli kuwa asidi inayoharibu mshipa wa fahamu wa macho. Mnywaji hulewa kama kawaida, akalala, na huenda saa 12 hadi 24 zikapita kabla ya kuumwa kichwa na tumbo, kutapika, kuhema kwa kasi na kuona ukungu. Jamaa husema ni mning'inio, na muda wa kumwokoa unapotea.

Hospitalini, ethanoli yenyewe inaweza kuwa dawa ya sumu hii. Ini huishughulikia kwanza, methanoli ikabaki bila kugeuzwa hadi itoke mwilini au damu isafishwe kwa mashine. Hilo hufanywa kwa kipimo na uangalizi wa daktari. Nyumbani usimwongezee mgonjwa pombe, wala usimlazimishe kutapika. Mkimbize hospitali hata kama macho yake bado yanaona, beba chupa aliyoinywea, na mweleze daktari alikunywa saa ngapi na alikuwa na nani, ili wenzake nao watafutwe.