Asilimia ya Nini?

Leo tuziweke ngeli kando kidogo tuingie chumba cha tarakilishi, maana huko nako kuna neno linaloteleza kama kambare. Neno lenyewe ni "asilimia".

Tuseme ngao ya chama itapewa mkondo unaokipenda Kiswahili zaidi katika Kidato cha Tatu. Mashariki wako 40, na 10 kati yao ni wanachama. Magharibi wako 20, wanachama 8. Je, ngao iende wapi?

Fungua Excel. Katika lahajedwali, kila mwanafunzi apewe safu mlalo yake: jina, mkondo, na kama ni mwanachama, Ndiyo au La. Kisha ingiza jedwali egemeo, yaani jedwali linalojumlisha orodha ndefu na kukuruhusu kuigeuza upendavyo. Buruta mkondo uuweke kwenye safu mlalo, uanachama kwenye safu wima, na jina kwenye thamani. Kwa vile majina si namba, Excel itayahesabu yenyewe.

Sasa bofya kulia juu ya namba mojawapo, uchague namna ya kuonyesha thamani. Utakuta asilimia za aina nyingi. Hizi tatu ndizo za kujua kwanza:

1. Asilimia ya jumla kuu. Kila namba hugawanywa kwa wanafunzi wote 60. Wanachama wa Mashariki ni 16.7%, wa Magharibi 13.3%.

2. Asilimia ya safu wima. Wanachama hugawanywa kwa wanachama wote 18. Mashariki 55.6%, Magharibi 44.4%. Mashariki washangilia!

3. Asilimia ya safu mlalo. Wanachama hugawanywa kwa idadi ya mkondo wao. Mashariki 25%, Magharibi 40%. Lo! Ngao imehama.

Namba ni zile zile na hakuna aliyedanganya. Kilichobadilika ni kigawanyo. Swali letu lilihusu mapenzi ya kila mkondo, kwa hivyo jibu ni la tatu, na ngao ni ya Magharibi. Lakini kama tungeuliza ni mkondo upi utajaza viti vingi katika basi la chama, jibu lingekuwa la pili.

Jihadhari na mtego mmoja zaidi. Usijumlishe 25 na 40 kisha ugawe kwa mbili, ukatangaza kwamba 32.5% ya kidato ni wanachama. Mashariki ni wengi maradufu, hawawezi kupimwa sawa na Magharibi. Jibu la haki ni 18 kwa 60, yaani 30%, na jedwali la aina ya tatu litakuonyesha hivyo kwenye mstari wa jumla.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Basi ndugu msomaji, mtu akikutajia asilimia, iwe ya mtihani au ya kura za kiranja, muulize kwanza: kibaba chako ni kipi?