Misuli bila Sindano: Mtu Atarajie Nini?

Anayeanza kunyanyua vyuma huambiwa apige zoezi, ale, alale na avute subira. Ushauri si mbaya, lakini subira isiyo na kipimo huisha mapema, na ndiyo maana wengi huacha kabla mwaka haujakatika. Hoja ninayoijenga katika majibu haya ni kwamba wengi wa walioacha walikuwa wakiendelea vizuri. Kilichowaangusha ni kujipima kwa miili iliyojengwa kwa dawa, huku hakuna aliyewaambia kuwa ni dawa.

Mwanamume mwenye afya akianza leo, ataongeza kilo ngapi za misuli?

Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2020 ulijumlisha majaribio mengi yaliyofanywa kwa wanaume wazima wenye afya, ukapata kwamba mazoezi ya uzito huongeza wastani wa kilo 1.5 hivi za misuli mwili mzima. Majaribio ya aina hii kwa kawaida hudumu miezi michache, kwa hiyo namba hiyo tusiichukue kuwa ya mwaka mzima. Upande wa pili wapo makocha wenye majedwali yanayomwahidi kijana kilo 9 hadi 11 katika mwaka wa kwanza. Majedwali hayo yametokana na macho ya makocha, si vipimo vya maabara, na kwa maoni yangu yanamfaa tu kijana aliyeanza akiwa amekonda kupita kiasi, ambaye sehemu ya kilo hizo mwili wake ulikuwa unazidai tangu zamani. Kwa mtu wa kawaida anayekula vya kutosha, anayelala usiku na asiyekosa zoezi, nakadiria kilo 3 hadi 5 kwa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili huja karibu nusu ya hizo, na wa tatu pungufu tena.

Kilo 3 zinaonekana kidogo kwa sababu tumezoea kusoma mzani, ambako kilo 3 ni mlo mzito na chupa ya maji. Nenda buchani uagize kilo 3 za steki isiyo na mafuta, uone furushi utakalokabidhiwa, kisha fikiria nyama hiyo ikigawanywa mabegani, kifuani, mgongoni na mapajani. Ndugu wa nyumbani wataiona, na fundi wa shati ataiona pia. Ila haimfanyi mtu kuwa wa miraba minne, na hapo ndipo malalamiko yanapoanzia.

Mbona mwenzangu ameongeza kilo nane kwa miezi mitatu?

Huenda kweli ameongeza kilo nane. Suala ni kilo za nini. Misuli inayofanyishwa kazi huhifadhi zaidi wanga uitwao glaikojeni, na kila gramu yake hukaa pamoja na takriban gramu tatu za maji. Katika wiki za mwanzo misuli isiyozoea pia huvimba kwa sababu ya michubuko midogo ya ndani, na vipimo vya mapema husoma uvimbe huo kama ukuaji. Juu ya hayo yote kuna chakula: anayeanza jimu kwa kawaida huanza pia kula sahani mbili, na mwili hauna amri ya kuipeleka sahani ya pili kwenye misuli. Mashine nyingi za kupimia umbo haziwezi kutofautisha misuli na maji, zote husomeka kama uzito usio wa mafuta.

Hata nguvu zinaweza kudanganya. Mtu anaweza kuongeza sana uzito anaonyanyua ndani ya miezi miwili huku mkono wake ukiwa umenenepa kidogo tu, kwa kuwa hatua za mwanzo ni za neva kujifunza kuamsha misuli iliyopo tayari. Hilo si hasara hata kidogo. Lakini anayetafsiri kila kilo aliyoongeza kwenye chuma kuwa nyama mpya mwilini atashangaa pale nguvu zitakapopunguza kasi.

Je, wastani huo si wa watu wazembe waliofanyishwa mazoezi hafifu?

Pingamizi hili lina uzito. Wanaojitolea kwa majaribio hawana njaa ya ushindani, na programu zao huwa za watu wote badala ya mtu mmoja. Hata hivyo, wastani unaficha jambo kubwa kuliko uzembe, nalo ni tofauti kati ya mtu na mtu. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya wanaume na wanawake 585 walioufanyia mazoezi mkono mmoja tu kwa wiki 12, wote kwa programu moja. Ukubwa wa misuli ya mkono ulibadilika kuanzia kupungua asilimia 2 hadi kuongezeka asilimia 59. Sehemu ya pengo hilo ni kasoro za upimaji, nyingine ni usingizi na chakula, na nyingine mtu amezaliwa nayo.

Kwa hiyo mtu mmoja aliyefura ndani ya mwaka hathibitishi kwamba programu yake ni bora, kama vile aliyebaki mwembamba hathibitishi uvivu. Hapa ndipo picha za mafanikio zinapopotosha bila hata mtu kusema uongo: anayezibandika ni yule wa asilimia 59, na wa asilimia 5 hajipigi picha. Aliyeitikia polepole ana nafasi ya kujirekebisha, kwa kuwa tafiti zinaonyesha misuli hukua zaidi seti zinapoongezeka, hadi kufikia kumi au zaidi kwa kila kundi la misuli kwa wiki. Wala hahitaji vyuma vya kifahari. Uzito mwepesi, hata wa theluthi moja ya kile unachoweza kunyanyua mara moja tu, hukuza misuli karibu sawa na mzito, mradi seti ifike karibu na kushindwa. Makopo yaliyojazwa zege kwenye jimu za mitaani yanafanya kazi hiyo vizuri.

Sindano zinabadilisha hesabu kwa kiasi gani?

Kiasi kwamba kulinganisha hakuna maana tena. Mwaka 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la Shalender Bhasin na wenzake, ambalo kila anayeingia jimu angepaswa kulijua. Wanaume 43 waligawanywa makundi manne. Baadhi walidungwa miligramu 600 za testosteroni kila wiki kwa wiki 10, wengine wakadungwa sindano tupu isiyo na dawa. Na katika kila upande, nusu walinyanyua vyuma na nusu hawakunyanyua. Waliopata sindano tupu na kufanya mazoezi waliongeza kama kilo 2 za uzito usio wa mafuta. Waliopata homoni na mazoezi pamoja waliongeza kilo 6.1. Waliopata homoni bila kunyanyua chochote waliongeza kilo 3.2, yaani waliokaa tu waliwapita waliotoka jasho.

Dozi hiyo ilikuwa mara sita ya ile ya matibabu ya kawaida, na kwa viwango vya baadhi ya watunisha misuli wa leo si kubwa. Gharama yake haionekani kwenye kioo. Mwili ukipata homoni kutoka nje hufunga kiwanda chake: korodani husinyaa na mbegu hupungua, wakati mwingine kwa miezi mingi baada ya kuacha, mafuta ya damu huharibika na moyo hulemewa. Kenya ilitunga sheria dhidi ya dawa za kusisimua misuli mwaka 2016 kwa ajili ya kashfa za wanariadha, lakini kijana anayedungwa kwenye chumba cha nyuma cha jimu hana mashindano, hapimwi na mtu, na hakuna anayefuatilia figo zake. Mkimbiaji anayedanganya humwibia mpinzani wake medali. Mtunisha misuli anayeficha sindano huku akiuza programu ya mazoezi humwibia kila anayemtazama kipimo cha kujipimia, na kwa maoni yangu huo ndio wizi mkubwa zaidi.

Kuna ukomo ambao mwili usio na dawa hauvuki?

Upo ukomo, ila haujachorwa kwa rula. Mwaka 1995 watafiti wakiongozwa na Kouri walipima wanamichezo wanaume 157, wanaotumia steroidi na wasiotumia, kwa kugawanya uzito wao usio wa mafuta kwa mraba wa urefu wao kwa mita. Wasiotumia waliishia karibu na 25, na wengi wa watumiaji waliipita namba hiyo kwa mbali. Kwa mwanamume wa mita 1.75, kipimo cha 25 ni kilo 76 na ushei bila mafuta. Mtu wa kimo hicho asiyefanya mazoezi, mwenye kipimo cha 19, ana kilo 58 hivi. Pengo ni kilo 18 kwa maisha yote ya mazoezi, tena kwa aliyejaliwa. Mtu wa kawaida akifika 22 amejenga kilo 9, na hiyo ni kazi ya miaka ya kujivunia.

Wanaopinga husema sampuli ilikuwa ndogo, na kwamba washindi wa shindano la Mr. America kati ya 1939 na 1959, kabla steroidi hazijaenea, walikuwa na wastani wa 25.4. Pingamizi ni sahihi. Testosteroni ilitengenezwa maabara mwaka 1935, kwa hiyo hata miaka hiyo huwezi kuapa kwamba wote walikuwa safi, lakini wapo watu wachache ambao maumbile yao yanavuka 25 bila dawa. Ninachokataa ni kuwafanya wachache hao kuwa kipimo cha kila anayelipa ada ya mwezi ya jimu.

Chakula cha nyumbani kinatosha?

Kinatosha, na hesabu ni rahisi. Misuli kwa sehemu kubwa ni maji, na protini yake ni kama moja ya tano tu. Anayejenga kilo 4 kwa mwaka anaweka gramu 800 za protini mpya, yaani gramu 2 na kidogo kwa siku. Ulaji unaopendekezwa ni mkubwa zaidi kwa sababu mwili hubomoa na kujenga protini zake kila saa, na ziada hiyo ndogo hupatikana mezani pakiwa pamejaa. Uchambuzi wa mwaka 2018 wa tafiti 49 zenye watu 1,863 ulionyesha kwamba faida ya kuongeza protini hukoma karibu na gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na kwamba waliopewa virutubisho walizidi wenzao kwa gramu 300 hivi tu za uzito usio wa mafuta.

Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni gramu 112. Mayai manne, nusu lita ya maziwa, gramu 50 za dagaa wakavu, vikombe viwili vya maharage yaliyopikwa na ugali wa siku nzima vinamfikisha hapo. Kazi ni kuila kila siku, na kwa familia yenye kipato kidogo mayai manne ya mtu mmoja si jambo dogo. Dagaa na maharage ndivyo vinavyobeba mzigo.

Na makopo ya poda?

Poda ya protini ni chakula kikavu cha bei ghali, hakina siri. Kriatini, gramu 3 hadi 5 kwa siku, ndiyo yenye ushahidi wa kueleweka, ingawa kilo ya kwanza inayoongeza ni maji zaidi. Kwa mengine yote, tahadhari: maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima virutubisho 634 kutoka nchi 13 na mwaka 2004 ikaripoti kwamba 94 vilikuwa na homoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Kopo linalotoa matokeo ya ajabu lina sababu ya kuogopwa.

Wanawake na wazee je?

Kwa asilimia, misuli ya wanawake hukua karibu sawa na ya wanaume. Kwa kilo ni pungufu kwa sababu walianza na misuli midogo. Mwanamke anayeogopa kugeuka baunsa kwa kunyanyua vyuma mara tatu kwa wiki anaogopa kitu ambacho wanaume wengi wanakitafuta kwa miaka bila kukipata. Kuhusu umri, jaribio la Boston la mwaka 1990 liliwanyanyulisha vyuma wakazi kumi wa nyumba ya wazee, wenye miaka 86 hadi 96, kwa wiki nane. Nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174 na misuli ya paja kwa asilimia 9.

Kusema haya yote si kuwavunja moyo vijana?

Hofu hiyo naielewa, ila naona mambo yanakwenda kinyume chake. Kijana aliyeahidiwa kilo 15 akapata 4 hujiona ameshindwa, na mtu wa kwanza kumfariji ndiye mwenye sindano. Aliyeahidiwa 4 akapata 4 anajua njia inafanya kazi. Tena kilichojengwa hakihitaji nguvu zilezile kukilinda: kijana anaweza kutunza misuli yake kwa theluthi moja tu ya mazoezi aliyoyafanya wakati wa kuijenga, ndiyo maana mwaka wa kwanza wa uvumilivu una thamani kuliko inavyosomeka kwenye mzani.

Basi nijipime vipi?

Kwa tepu ya fundi cherehani na daftari. Pima mkono, paja, kifua na kiuno mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya kula, mahali palepale, kwa kuwa baada ya zoezi misuli hujaa damu na kusoma uongo. Andika uzito na marudio ya kila zoezi. Kiuno kikipanuka haraka kuliko mkono, punguza sahani. Uzito wa vyuma ukiwa umesimama miezi miwili na wa mwili pia umesimama, ongeza chakula kwanza. Ukishaongeza na bado hakuna mwendo, ongeza seti mbili tatu kwa wiki, kisha pima tena baada ya wiki nane kabla ya kutafuta programu nyingine.