Upepo wa Matairi ya Gari Lililonunuliwa Karibuni

Wapo ndugu zetu wa Malaba na Busia wanaonunua gari lao la kwanza. Aghalabu gari hilo limetoka Japani, likashushwa katika bandari ya Mombasa, kisha likaendeshwa zaidi ya kilomita 900 hadi kufika mpakani. Mwenye gari hukagua injini, rangi na hata redio. Matairi huyapiga teke moja, akaridhika. Teke halipimi upepo.

Jambo hili linatuhusu sisi polisi kwa kuwa tairi likipasuka gari likiwa katika mwendo, usukani humshinda dereva, na anayegongwa huenda asiwe hata abiria wa gari hilo. Kando ya barabara hizo za malori hupita wanafunzi, akina mama waendao sokoni na waendesha bodaboda.

Wengi hudhani kwamba kinachopasua tairi ni upepo mwingi. Hatari iliyo kubwa zaidi ni upepo pungufu. Tairi lililolegea hujikunja na kujikunjua ubavuni kila linapozunguka. Kule kujikunja huzaa joto, na joto hilo huutenganisha mpira na nyuzi zilizo ndani yake. Mzigo ukiwa mzito na mwendo mkali, tairi hufumuka bila kutoa onyo. Nalo gari lililokaa melini, kisha yadini kwa miezi kadhaa, hupoteza upepo kidogo kidogo hata kama halina pancha.

Kiasi kinachofaa hakitafutwi kwenye ubavu wa tairi. Namba iliyochapwa pale ni kikomo ambacho tairi lenyewe halipaswi kupita. Fungua mlango wa dereva, utazame kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango. Maandishi yake huenda yakawa ya Kijapani, lakini tarakimu ni zizi hizi zetu: kwanza ukubwa wa tairi, kwa mfano 195/65R15, kisha kiasi cha upepo, kwa mfano 220 kPa. Linganisha ukubwa huo na ulioandikwa kwenye tairi lenyewe. Ikiwa haulingani, matairi yamebadilishwa, na hapo ni vyema kumwuliza fundi anayeaminika kabla ya kuijaza namba ile ya kibandiko.

Pampu nyingi za mitaani husoma pauni, yaani PSI. Kwa hesabu ya karibu, kPa 200 ni pauni 29; 220 ni pauni 32; 230 ni pauni 33; 250 ni pauni 36. Magurudumu ya mbele na ya nyuma huweza kuwa na viwango tofauti. Usimwachie fundi wa pancha akisie, mtajie namba.

Pima tairi likiwa baridi, yaani gari likiwa limesimama kwa saa tatu au zaidi, au halijatembea zaidi ya kilomita moja au mbili. Hapa ndipo madereva wengi hukosea. Baada ya safari ndefu ya jua kali, kipimo hupanda kwa pauni kadhaa kwa sababu hewa imepata joto. Dereva huingiwa na hofu, akatoa upepo. Asubuhi yake tairi limepoa, limepungukiwa, na analipakia magunia. Usitoe upepo tairi likiwa na moto.

Ukimaliza kupima, paka mate au maji ya sabuni mdomoni mwa valvu. Povu likitokea, valvu inavuja. Rudisha kifuniko chake, kwani vumbi letu halina huruma.

Jambo jingine: umri wa gari si umri wa tairi. Ubavuni, mwishoni mwa herufi zinazoanza na DOT, utaona tarakimu nne. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu lenye nyufa halifai hata kama kashata zake bado ni nene, na upepo sahihi hauliponyi.

Mwisho, toa tairi la akiba nalo ulipime. Likiwa lile jembamba la muda, kwa kawaida huhitaji kPa 420, yaani takriban pauni 60, na mwendo wake usizidi kilomita 80 kwa saa. Hilo ni la kukufikisha kwa fundi tu.