Mwenye Ploti, Unadaiwa Kodi Ngapi?

Lugha yetu imetupa neno moja, kodi, nasi tumelibebesha mizigo mingi. Mpangaji humpa mwenye nyumba kodi. Mwenye nyumba naye hupeleka kodi kwa kaunti, nyingine kwa Wizara ya Ardhi, na nyingine tena kwa KRA. Basi si ajabu kumsikia mtu akisema, "Mimi kodi nimelipa, risiti hii hapa," kumbe amelipa moja kati ya tatu. Somo la leo ni la wenye nyumba za kupangisha, na wale waliobahatika kuwa na ploti ya pili mahali fulani mjini, hata kama bado ni nyasi tupu.

Tuanze na ya kaunti. Ndiyo inayosahaulika sana, na ndiyo inayouma sana. Wazee wetu waliiita reti, nayo ilikuwa mali ya kanjo. Tangu 2013 kanjo hazipo; kazi hiyo iko mikononi mwa serikali za kaunti, na Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010 ndicho kinachozipa uwezo wa kutoza. Mwaka 2024 ilipitishwa sheria mpya ya kitaifa ya reti mahali pa zile za zamani, lakini shina la jambo ni lile lile: anayedaiwa ni mwenye ardhi. Si mpangaji, wala si msimamizi wa ploti.

Hesabu yake inafanywaje? Miji yetu mingi imezoea kuangalia thamani ya ardhi peke yake, bila jengo. Kwa hivyo ploti yenye ghorofa tano, na jirani yake iliyopandwa mahindi, zinaweza kudaiwa sawa ikiwa ardhi yake ina thamani moja. Hapo ndipo watu huuliza, "Sijajenga hata choo, nalipia nini?" Unalipia ardhi, bwana.

Thamani hiyo huandikwa katika orodha ya uthamini. Nairobi ilitumia orodha ya miaka ya 1980 kwa muda mrefu mno, ikifikia kutoza asilimia 34 ya thamani hiyo ya kale. Orodha ya 2019 ilipoanza kutumika, kiwango kilishuka hadi asilimia 0.115. Usiishangilie hiyo asilimia kabla hujaona inazidishwa na nini. Ploti iliyoandikwa Sh60,000 katika orodha ya zamani ilidaiwa Sh20,400 kwa mwaka. Ikiwa sasa imeandikwa Sh20 milioni, itadaiwa Sh23,000. Kwa hivyo orodha mpya ikitangazwa, nenda ukaangalie wamekuandikia nini. Sheria ya zamani ilimpa mwenye ardhi siku 28 za kupinga, na wengi walizipoteza kwa sababu tangazo lilitoka gazetini wakati wao wako mashambani.

Ukichelewa, riba inaingia. Nairobi imejulikana kwa asilimia 3 kila mwezi. Deni la Sh20,000 likilala mwaka mmoja, hata bila riba kuzaa riba, limeongeza Sh7,200. Kaunti nyingi hutangaza msamaha mara kwa mara, lakini husamehe riba tu. Deni lenyewe liko pale pale. Kusema kweli sipendi desturi hii, maana inamfundisha mtu kungoja, na yule aliyelipa Januari anaonekana mjinga.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi huumia. Deni la reti haliendi kaburini na mwenyewe. Linabaki juu ya ardhi. Tuseme mzee amefariki, ameacha boma kijijini na vyumba kumi vya kupangisha mjini. Kijana mkubwa anakusanya pesa za vyumba kila mwezi. Hati miliki bado ina jina la baba, na bili zinakwenda kwa sanduku la posta ambalo ufunguo wake hakuna anayejua uko wapi. Miaka minane inapita. Siku wanapokubaliana kuuza ili mama atibiwe, wakili anaomba cheti cha kutodaiwa reti. Bila hicho, ardhi haihamishwi jina. Wanakwenda kaunti na kukuta deni linalotaka kumeza robo ya bei. Dada aliyeolewa mbali anauliza pesa za vyumba zilikwenda wapi. Kijana anasema hakuna aliyewahi kumwambia kuna reti. Na wote wawili wanasema kweli! Wakati huo mama bado anangoja.

Na wewe unayenunua ploti ya pili, usiridhike na kuonyeshwa mipaka. Omba risiti za reti kabla ya kutoa hata shilingi ya kwanza. Tena ujue kwamba sheria ya zamani, Sura ya 267, iliruhusu mamlaka kumfuata mpangaji ili kodi ya chumba ilipie deni la mwenye nyumba. Ni aibu kubwa mbele ya wapangaji wako.

Kodi ya pili ni fupi kueleza. Ikiwa umepewa ardhi na serikali kwa miaka fulani, kwa mfano 99, unalipa kodi ya ardhi kwa serikali ya kitaifa kila mwaka. Ikiwa ni milki yako moja kwa moja, bila kikomo cha miaka, hulipi. Hati yako itakuambia.

Ya tatu ni ya KRA, kwa pesa za nyumba za kuishi. Ilianza 2016 kwa asilimia 10. Tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5. Inamhusu anayepata kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka, ukijumlisha nyumba zako zote, iwe ziko Thika au Nakuru. Vyumba kumi vya Sh4,000 vinaleta Sh40,000 kwa mwezi, basi unalipa Sh3,000 kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Hukati chochote kwanza: si rangi, si mshahara wa msimamizi, wala hiyo reti. Mwezi usio na mpangaji, bado unajaza fomu na kuandika sufuri. Aliye chini ya Sh288,000 asidhani amesahaulika. Anatangaza mapato hayo katika fomu yake ya mwaka. Maduka na ofisi pia huenda huko.

Kazi ya kikundi: kabla ya mkutano ujao, kila mwenye ploti atafute hati yake, anakili namba ya ploti, na aulize kaunti deni ni kiasi gani leo. Atazame pia jina lililoandikwa. Atakayekuta jina la marehemu aje mapema na cheti cha kifo, tutaanza naye.